Papa Kwenye Safu ya Wazima

Swali la tisa kwenye karatasi yetu lilikuwa fupi kuliko yote: Je, kuna kidonda chochote mdomoni? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na mstari mdogo uliomwambia mkusanyaji asitosheke na jibu la mtu, bali aangalie mwenyewe kwa tochi, chini ya ulimi, ndani ya mashavu na kwenye fizi. Mstari ule niliutafsiri mimi kutoka Kifaransa. Wenzangu wawili nilikuwa nimewafundisha mimi kuufuata. Katika watu wote niliowachukulia mate, hapa Kisangani na kwenye barabara ya Banalia, kuna mmoja tu ambaye sikumwangalia, naye ni baba yangu.

Papa alikuwa mshonaji. Alitoka Maniema akiwa kijana, akapata kibaraza karibu na soko kuu, Makiso, na hapo akakaa na mashini yake ya kushonea mpaka mvi zikamjaa. Alishona kanzu za Idi na magauni ya harusi za kanisani, sare za shule, mapazia ya maofisi. Pini alizishika kwa midomo. Ukimsalimu alikujibu kwa kuguna, na sisi watoto wake tulijua mguno gani ni ndiyo, mguno gani ni ngoja, na mguno gani ni usiguse kitambaa hicho. Uzi aliulowesha kwa ncha ya ulimi, mara moja tu, ukapita kwenye tundu la sindano kama unaenda nyumbani.

Mimi ni msaidizi wa profesa mmoja wa biolojia, na kazi niliyokuwa nafanya ilikuwa ya shahada yangu. Mate ya mtu yana vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Mna protini za kila namna, kama ile inayoanza kuvunja fufu kabla hatujaimeza, na mna vijidudu, ambavyo vingi havina ubaya wowote. Watafiti wa nchi mbalimbali huandika walichokikuta katika mate ya kila mtu, wakakiweka katika hifadhi moja ya pamoja kwenye mtandao, ambayo mtafiti yeyote anaweza kuifungua. Humo kila mtu ni mstari mmoja: namba, umri, mwanamke au mwanamume, mji, anavuta tumbaku au havuti, mzima au mgonjwa. Wazima ndio kipimo. Anayetaka kujua ugonjwa fulani unabadilisha nini mdomoni huchukua mate ya wagonjwa, akayalinganisha na ya wazima.

Siku profesa aliponipa kazi hii, aliandika jina la mji wetu kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakikuja kitu. Akaniambia kwamba mashine haina chuki na sisi, haijui tu kama tupo, na kwamba ni juu yetu kuijulisha.

Lakini watu walikataa. Sikuwalaumu. Mate si kitu cha kumpa mtu ovyo. Mzee wa kwetu akitaka kukubariki hukutemea kidogo kwenye viganja, na anayekutakia mabaya hutafuta mahali ulipotema. Vijana wa chuo walitoa bila maneno mengi, lakini wazee walinigeuzia mgongo, na wazee ndio niliowahitaji. Muuza chikwange wa mtaa wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya pili ya mto, aliniuliza mbele ya wateja wake kama baba yangu ameshatoa ya kwake. Nikasema bado. Akacheka, akaendelea kupanga chikwange zake, mihogo iliyopondwa na kufungwa majanini.

Siku hiyo mchana nilimfuata Papa kibarazani. Alikuwa amenikatalia mara moja kabla, kwa upole, na sikutaka kurudia, lakini nilikuwa nimechoka. Nilimweleza yote upya. Nilimwambia tunatafuta wazee wenye mdomo mzima, kwamba mwenye kidonda hatumchukui kwa sababu anaharibu kipimo, na kwamba nisipopata wazee kazi yangu itaishia pale. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mimi nikitoa yangu, bale bengine batatoa?" aliuliza.

Nilimwambia nadhani watatoa.

"Bon. Ukuje kesho asubui, mbele ya kunywa chai."

Kesho yake nilimkuta amevaa kofia yake nzuri na shati ambalo hulivaa Ijumaa. Alikuwa ametoa kiti nje ya kibaraza, kwenye njia ya watu, akakaa hapo. Alitaka aonekane. Muuza chikwange alikuwepo, na wenye toleka walikuwa wameegemea baiskeli zao wakingoja abiria, na majirani wengine walisimama kutazama. Nilivaa blouse yangu nyeupe ya maabara, nikasoma maswali kwa sauti. Umri. Tumbaku, aliacha zamani. Pombe, hajawahi. Nikafika swali la tisa.

"Kuna kidonda mudomoni, Papa?"

"Hapana. Niko muzima."

Tochi ilikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa umeshaigusa. Lakini kumwambia baba yangu apanue kinywa mbele ya wateja wake, atoe ulimi kama mtoto mbele ya muuguzi, sikuweza. Nilijiambia ni heshima. Nikatia alama kwenye hapana, nikampa kichupa. Alitema taratibu, na alichukua muda mrefu kuliko watu wengine. Alipomaliza alikifunga mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Kisha alijifuta kwa leso, akaitazama ile leso kabla ya kuikunja. Hilo nililiona. Nililiona na sikulifikiria.

Wiki ileile muuza chikwange alitoa, na baada yake wakatoa wazee wa mtaa mmoja mmoja, na habari zikavuka mto mpaka Lubunga. Nilipata watu wote niliowahitaji.

Mate yale yalikaa kwenye friza ya maabara, tukiilinda kwa jenereta kila umeme ulipokatika, kisha yakasafirishwa kwa ndege, ndani ya boksi la barafu, kwenda nchi yenye mashine za kuyasoma. Tulingoja miezi mingi. Katika miezi ile nilipita kwa Papa karibu kila siku. Niliona glasi ndogo ya maji imewekwa kando ya mashini yake, na kwamba sasa anachovya uzi ndani ya maji, haupeleki tena ulimini. Nikadhani ni mimi niliyemfundisha usafi kwa maneno yangu mengi ya vijidudu, na nikafurahi. Niliona ameacha kutafuna mbegu za kola. Niliona Mama anampondea lituma ya ndizi laini mno na kuimiminia mchuzi mpaka inakuwa kama uji. Ramadhani ilipofika alikonda, nami nikasema ni mfungo. Ilipopita hakunenepa, nikasema ni uzee.

Majibu yalipokuja niliyafungua kwenye ofisi moja katikati ya mji ambako mtandao hausumbui, na mchana huohuo nikabeba kompyuta mpaka kibarazani. Papa alivaa miwani. Alitaka kujua yeye ni wapi. Nikamwonyesha mstari wake. Aliuliza kama jina lake limo, nikamwambia hapana, ni namba tu, na hakuna duniani anayeweza kujua ni yeye. Akauliza kama Kisangani imo. Nikamwambia Kisangani imo. Aliweka kidole chake kwenye kioo, kile chenye kastabini, juu ya jina la mji. Halafu akakipeleka mpaka mwisho wa mstari, kwenye neno la Kiingereza, akaniuliza maana yake.

Nikamwambia maana yake ni mzima.

Aliondoa kidole, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Bon," alisema. "Ni vizuri." Akarudi kwenye kitambaa chake. Nilifikiri ameguswa na furaha, na jioni nilimsimulia profesa hivyo.

Mama ndiye aliyenipigia simu, wiki chache baadaye. Alisema nije, hakusema kwa nini. Nilipanda pikipiki kutoka chuoni. Nilimkuta Papa amekaa na gauni jeupe la komunyo ya kwanza mapajani. Alikuwa amekata uzi kwa meno kwa mazoea ya zamani, na damu ikadondoka kwenye kifua cha gauni. Alikuwa anajaribu kuitoa kwa maji ya ile glasi, akisugua kidogo kidogo, na doa lilikuwa linazidi kupanuka. Hakunitazama. Nilimwomba afungue kinywa, akafungua, na mimi nikawasha taa ya simu yangu.

Chini ya ulimi, upande wa kushoto, kulikuwa na kidonda kigumu, cheupe na chekundu, kingo zake zimeinuka. Kilikuwa kikubwa kama kifungo cha koti. Nilikuwa nimeona picha za vidonda kama hivyo mara nyingi sana, kwenye vitabu, kwenye mafunzo, kwenye ile hifadhi yenyewe. Niliendelea kumulika, kwa sababu sikujua nitafanya nini nikizima taa.

"Nifunge sasa?" aliuliza, kinywa bado wazi.

Nikamwambia afunge.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mtu mpole. Alipapasa shingo, akakuta vivimbe, akachukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kipimo. Majibu yaliporudi alituita, Mama, tonton ambaye ni mdogo wake Papa, na mimi. Alisema ni saratani na imeshashuka shingoni. Mionzi ya kuitibu haikuwepo mjini kwetu, ingebidi mgonjwa asafirishwe mbali sana, na kwa hali ilipofika hawezi kutuahidi kitu hata huko. Tonton alitaka tujaribu hivyo hivyo. Papa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi, alisema kwa sauti tulivu kwamba haendi popote. Watu walipotoka nilibaki nyuma, nikamuuliza daktari kidonda kama kile kinaweza kuwa kimekaa muda gani. Alijibu kwamba ni vigumu kusema, lakini mwaka umepita bila shaka, na pengine zaidi. Nikarudisha miezi nyuma, moja moja, mpaka nikafika asubuhi ya kiti, kofia na kichupa.

Sikumwambia mtu.

Alilala nyumbani, kwenye chumba cha mbele, ili aone njia. Kuzungumza kulimshinda mapema. Mama alimpa chaki yake ya kushonea na kipande cha kitambaa cheusi, akawa anaandika humo. Aliandika maji. Aliandika chai isiwe moto. Mara moja aliandika jina la mteja na kipimo cha kiuno chake, ili tonton amkamilishie suruali. Nilikaa naye kila siku baada ya kazi, na kila siku nilitaka kumwambia kwamba tochi ilikuwa mfukoni. Nilifikiri nitamwongezea mzigo. Baadaye niliona kwamba mzigo niliouogopa ulikuwa wangu mwenyewe. Alifariki asubuhi moja ya mvua, Mama akiwa amemshika mguu, na tulimzika siku hiyohiyo. Waliomwosha ni wanaume, kama inavyopasa. Tonton aliniambia baadaye kwamba walipofika kinywani walikwenda polepole sana, kwa kitambaa laini, utafikiri bado kinamuuma.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, nilikaa na Mama kwenye mkeka. Nilimwambia kwamba kama ningemwangalia mdomo siku ile ya kichupa, labda tungewahi. Nilidhani nampa siri.

"Ile kidonda alikuwa nayo mbele ya ile siku," alisema. "Ilikuwa ndogo. Alinikataza nikuambie. Alisema, mutoto amesema mutu wa kidonda habamuchukue. Nikisema ndiyo, nitamuharibia kazi."

Alinisimulia yaliyobaki bila haraka. Papa alipanga kuniambia mate yakishaondoka. Yalipoondoka, akasema angoje majibu yatoke. Majibu yalipotoka nami nikamtafsiria lile neno la mwisho, alirudi nyumbani akamwambia Mama kwamba sasa haiwezekani tena, kwa maana profesa atajua mtoto ameweka uongo kwenye kazi yake, na uongo wenyewe ni wa baba. Akanywa dawa za mitishamba alizoletewa kutoka Opala, akatumaini.

Sikulia pale. Nilinyanyuka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa profesa. Nilimweleza swali la tisa, tochi, kisanduku. Ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliniuliza swali moja tu, ni wangapi wengine ambao sikuwaangalia. Nikamwambia hakuna mwingine. Kisha akasema kile ambacho mimi nilikuwa nimeshakifikiria na kukikimbia: kwamba mtu fulani mahali fulani, akitafuta dalili za saratani ya kinywa, anaweza wakati huu kuwa amechukua mate ya mgonjwa wake na kuyalinganisha na ya Papa, na kila alichokiona kwa Papa akakihesabu kuwa ni uzima. Alisema hakuna namna nyingine, lazima niandike.

Hifadhi ile ina fomu ya kurekebisha makosa, na ndani yake kisanduku kidogo cha kueleza sababu. Niliandika nikafuta. Mara ya kwanza nilianza na maneno baba yangu, nikaona si mahali pake, kwani humo hana mtoto, ana namba. Mwishowe nilituma sentensi mbili. Niliandika kwamba mkusanyaji hakuangalia mdomo wa mtu huyu kama karatasi ilivyoagiza, na kwamba mtu huyu alikuwa na kidonda chini ya ulimi kilichothibitishwa baadaye kuwa saratani.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Alishukuru. Alieleza kwamba kuna njia mbili, kuufuta mstari kabisa, au kuuhamisha kutoka kwa wazima kwenda kwa wagonjwa na kuandika kwamba mate yalichukuliwa kabla ugonjwa haujajulikana. Akaongeza, kwa nia njema, kwamba mate ya namna hiyo ni adimu sana na yana thamani kwa wanaotafuta dalili za mapema. Nilifunga kompyuta. Ni adimu kwa sababu mahali pengi mtu huangaliwa.

Kuchagua si kazi yangu peke yangu, kwa hiyo nilimpelekea Mama. Alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nilimweleza polepole, kwa maneno niliyopaswa kuyatumia tangu mwanzo, nikamwambia tunaweza kumfuta.

Alimenya ndizi mbili kabla ya kujibu.

"Usimufute," alisema. "Ile alitoa ni kwa ajili yako. Lakini usiache baseme tena iko muzima."

Nikaandika hivyo. Wiki iliyofuata nilifungua hifadhi, na neno la mwisho wa mstari lilikuwa limebadilika. Mengine yote yalikuwa vilevile, umri, mji, orodha ndefu ya protini na vijidudu. Nilikuwa nimedhani nitajisikia mwepesi. Niliona tu kwamba sasa ameandikwa mgonjwa, na ni mimi nimemwandika mara zote mbili.

Profesa alitaka tupite tena kwa wazee wote, na tulipita. Kila mmoja alipanua kinywa, nami niliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka wengine wakauliza kuna nini. Hatukukuta kitu ila jino lililovunjika, la mzee mmoja huko njia ya Banalia. Muuza chikwange nilimwacha mwisho. Nilipomaliza naye alishusha sauti yake ile kubwa, akaniuliza kama Papa naye nilimwangalia hivi. Nikamwambia hapana. Alinitengenezea nafasi kwenye benchi lake, nikakaa hapo mpaka soko lilipoanza kufunga.

Shahada nimeipata. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimtaja mshonaji mmoja wa Makiso. Nyumbani tunazungumza juu ya Papa mara nyingi, Mama na mimi, juu ya miguno yake, juu ya wateja waliokuja kudai nguo ambazo hakuwahi kuzianza. Mama anajua tochi ilikuwa mfukoni, nilimwambia mwenyewe. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuitoa. Kila nikimtembelea huwa nangoja aniulize. Ananiuliza kama nimekula, kama mvua imenikuta njiani, kama kazi inaendelea vizuri, na mimi namjibu.